Harufu ya dume katika nyama ya nguruwe: sindano, wembe na umri wa kuchinja

Safu hii hujibiwa na daktari wa mifugo anayefanya kazi mkoani Tabora. Mwezi huu barua nyingi kutoka Tabora na Kigoma zimeuliza jambo moja kwa njia mbalimbali, nalo ni nyama ya nguruwe dume inayonuka ikipikwa, pamoja na sindano inayosemekana kuiponya. Tumezikusanya pamoja.

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mama mfugaji wa hapa Urambo. Nina nguruwe kumi na wanne, na sita kati yao ni madume wa miezi sita ambao hawajahasiwa. Mwezi uliopita nilichinja dume mmoja wa rika lao nikamuuzia mwenye jiko la kitimoto mjini Tabora. Kesho yake alinipigia simu akisema kwamba nyama ilipoingia kwenye mafuta ya moto ilitoa harufu kama ya mkojo uliolala, wateja wakaacha sahani mezani, nami nikalazimika kurudisha fedha. Jirani ananiambia ipo sindano ya homoni wanayochomwa madume wachanga ili nyama yao iwe nzuri, na kwamba kuna mtu anaiuza mnadani katika chupa isiyo na karatasi. Je, sindano hiyo ipo kweli? Na hawa sita niwafanyeje?

JIBU: Marahaba, mama, na pole kwa hasara hiyo. Nyama yako haikuwa imeoza, wala hukukosea katika kuchinja. Mteja wako alikutana na harufu ya dume, ambayo yeyote aliyewahi kupita karibu na beberu aliyefungwa kivulini anaifahamu jamaa yake. Kwa nguruwe harufu hiyo hukaa ndani ya mafuta, kwa hiyo nyama mbichi au iliyopoa inaweza isinuke kabisa, kisha joto la karai likaitoa yote kwa pamoja ikajaa jikoni.

Vinavyonuka ni vitu viwili, na inafaa kuvitenganisha kwa sababu kila kimoja kina chanzo chake. Cha kwanza ni androstenoni. Hutengenezwa na korodani dume anapobalehe, sambamba na testosteroni, yaani homoni ya kiume, husafiri katika damu na kujihifadhi katika mafuta. Sehemu yake huingia kwenye mate, na ndiyo sababu dume anayemfuata jike hutoa povu mdomoni, kwani harufu ya povu hilo humfanya jike aliye kwenye joto asimame na kutulia. Cha pili ni skatoli, ambayo haitoki kwenye korodani. Huzalishwa na bakteria wa utumbo mpana wanapoivunja triptofani, mojawapo ya amino asidi zinazojenga protini, na harufu yake ni ya kinyesi. Majike na madume waliohasiwa nao wana skatoli, lakini ini lao huiondoa upesi. Kwa dume asiyehasiwa, androstenoni hulipunguzia ini uwezo huo, skatoli ikabaki na kurundikana katika mafuta. Hivyo korodani zina mkono katika harufu zote mbili, moja kwa kuitengeneza na nyingine kwa kuizuia isiondoke.

Sasa nije kwenye sindano. Ndiyo, ipo sindano halali inayotumika katika nchi nyingi, lakini wanaoiita ya homoni wanakosea, na kosa hilo ndilo linalowapa matapeli nafasi. Ile ni chanjo. Chini ya ubongo wa nguruwe, kama ilivyo kwetu sisi, kuna sehemu ndogo inayotoa kichocheo cha uzazi. Kichocheo hicho huiamsha tezi ya pituitari, nayo pituitari hutoa homoni zinazoziamuru korodani zifanye kazi. Chanjo hubeba kipande kilichotengenezwa kiwandani, kinachofanana na kichocheo hicho lakini kisicho na nguvu yake, kikiwa kimeunganishwa na protini ngeni ili mwili wa nguruwe ukichukulie kuwa adui. Mwili hutengeneza kingamwili, kingamwili hukikamata kichocheo halisi kabla hakijafika kwenye pituitari, na korodani, kwa kukosa amri, hupumzika na kusinyaa. Hakuna homoni iliyoongezwa katika mnyama. Kilichofanyika ni kuikata njia ya zile alizo nazo.

Chanjo hiyo ilibuniwa Australia, ikaruhusiwa kutumika huko mwaka 1998 kwa jina la Improvac. Umoja wa Ulaya uliiidhinisha mwaka 2009 na Marekani mwaka 2011. Hutolewa mara mbili, mililita 2 kila mara, chini ya ngozi ya shingo nyuma ya sikio. Dozi ya kwanza hutolewa nguruwe akiwa na wiki 8 au zaidi, ya pili hufuata baada ya wiki 4 au zaidi, na kuchinja hupangwa kati ya wiki 4 na 6 baada ya dozi ya pili. Muda huo wa mwisho haupunguzwi, kwa kuwa korodani hunyamaza mapema lakini androstenoni iliyokwisha kuingia katika mafuta inahitaji wiki kadhaa kuondoka. Ukichelewa sana kuchinja, yaani zaidi ya wiki 10 baada ya dozi ya pili, kingamwili hupungua na dume anaweza kurudia hali yake.

Jambo linalowavutia wafugaji wakubwa ni kwamba dozi ya kwanza peke yake haibadilishi chochote kinachoonekana. Huuandaa tu mwili. Hadi siku ya dozi ya pili nguruwe anaendelea kukua kama dume kamili, na dume kamili hubadilisha chakula kuwa nyama vizuri kuliko aliyehasiwa, tena kwa mafuta machache. Mfugaji anapata ukuaji wa dume na ladha ya jike. Nami nasema wazi kwamba, kwa upande wa mnyama mwenyewe, naiona njia hii kuwa ya huruma kuliko wembe.

Ina hatari yake, lakini hatari hiyo ni ya anayeshika sindano, si ya anayekula nyama. Kichocheo kinacholengwa ni kilekile kilichomo katika mwili wa binadamu, hivyo mtu akijichoma kwa bahati mbaya anaweza kudhoofika uzazi kwa muda, awe mwanamume au mwanamke, na hatari huwa kubwa zaidi akijichoma mara ya pili. Kwa sababu hiyo watengenezaji wanataka itumike sindano maalumu yenye kinga, mjamzito asiishike kabisa, na aliyewahi kujichoma aende hospitali na asiiguse tena maishani. Fikiria basi, mama, dawa ya namna hiyo ikitolewa kwa bomba la kawaida, katika banda la giza, na kijana anayeshindana na nguruwe wa kilo sitini.

Kuhusu chupa ya mnadani: usiinunue. Chanjo hii huhifadhiwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 na haigandishwi, kwa hiyo hata kama iliyomo ndani ingekuwa chanjo ya kweli, siku moja juu ya meza ya mnada katika jua la Urambo ingeweza kuiharibu. Dawa yoyote ya mifugo nchini inapaswa kuwa imesajiliwa na TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na kwa jambo la namna hii inapaswa kupitia kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Muulize yeye, na mtake akuonyeshe karatasi ya chupa kabla hajaifungua.

Kuhusu madume wako sita, kwa umri wa miezi sita wamekwisha kubalehe au wako mlangoni. Ushauri wangu ni kumwita daktari awahasi kwa dawa ya ganzi, kisha uwalishe kwa miezi miwili au zaidi kabla ya kuchinja, ili mafuta yao yajisafishe. Ninajua kwamba miezi miwili ya pumba na mashudu ni fedha, na kwamba mteja uliyempoteza huenda asingoje. Ukilazimika kumchinja mmoja kabla ya hapo, kaanga kipande kidogo cha mafuta yake nyumbani kwanza, na umweleze mnunuzi ukweli.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Kasulu. Katika mazungumzo ya walimu mmoja wetu alidai kwamba nguruwe wanaochomwa sindano hizo huwafanya wavulana wanaokula nyama yao kuota matiti. Je, kuna ukweli wowote? Na kwa nini nchi za Ulaya ziruhusu sindano hii ilhali zinakataza homoni katika mifugo?

JIBU: Mwalimu, swali lako la pili ndilo linalojibu la kwanza. Umoja wa Ulaya ulianza kupiga marufuku homoni za kukuzia mifugo mwaka 1981, na hadi leo hauruhusu hata nyama kutoka nje iliyokuzwa kwa homoni hizo. Marekani, inayoziruhusu kwa ng'ombe, haiziruhusu kwa nguruwe. Wakubwa hao wawili wamegombana kwa miaka mingi juu ya ng'ombe, lakini wote wawili wameikubali chanjo ya nguruwe, kwa sababu si homoni. Ni protini, nayo ikiliwa huvunjwa tumboni kama protini nyingine yoyote ya nyama au maharage. Haina nguvu ya homoni kwa anayeila, na ndiyo maana haikuwekewa siku za kusubiri baada ya sindano kwa ajili ya usalama wa mlaji. Zile wiki 4 hadi 6 ni kwa ajili ya harufu.

Hata hivyo hofu ya mwenzako haikuzuka hewani. Katikati ya karne iliyopita ziliwahi kutumika homoni za kike zilizotengenezwa maabara kuhasi mifugo bila kisu, na iliyojulikana zaidi iliitwa dietilistilbestroli. Dawa hiyohiyo walipewa wanawake wajawazito kwa imani kwamba inazuia mimba kuharibika. Mwaka 1971 madaktari wa Boston walitoa taarifa kwamba mabinti waliozaliwa na akina mama hao walikuwa wakipata saratani adimu ya uke, na mwaka 1979 Marekani ikaizuia isitumike kwa ng'ombe na kondoo. Hayo ndiyo yaliyoacha kumbukumbu mbaya duniani, na ni haki yakumbukwe.

Kinachoniumiza ni kwamba wapo wanaorudi kwenye njia ileile kwa mlango wa nyuma. Nimewahi kuitwa kwenye banda moja, sitasema wapi, nikakuta chupa tupu za sindano za uzazi wa mpango za binadamu. Mwenye banda aliambiwa kwamba zinawatuliza madume na kuwanenepesha. Hizo ni homoni za kweli, hazijapimwa kwa nguruwe wa kuliwa, hazina siku za kusubiri zilizowekwa, na zimetengenezwa makusudi zikae mwilini kwa miezi. Anayefanya hivyo anawauzia watu nyama ambayo hakuna awezaye kusema imebeba kiasi gani, na wakati huohuo ananyima mwanamke fulani dawa aliyoifuata zahanati. Waeleze walimu wenzako kwamba hofu yao ina mahali pake, na mahali pake ni hapa.

SWALI: Shikamoo daktari. Ni kijana wa Nguruka, wilaya ya Uvinza. Baba alikuwa akihasi madume wakiwa na miezi minne, kwa wembe na majivu. Mwaka huu nimerithi kazi hiyo, na kati ya wanne niliowahasi mmoja alivimba akafa baada ya siku sita. Sindano unayoandika naona haitufikii sisi. Nifundishe basi kuhasi kwa wembe, na niambie ni umri gani unaofaa.

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Umesema kweli kwamba kwa mwenye nguruwe wachache, mbali na jokofu la kuaminika, wembe ndio utakaobaki mkononi kwa sasa, na ndiyo maana nitakaa kwenye swali lako kuliko mengine.

Kosa la kwanza ni umri. Fanya kazi hii katika wiki ya kwanza ya maisha, kati ya siku ya 3 na ya 7. Korodani bado ni ndogo mithili ya maharage, mishipa ya damu ni myembamba, jeraha ni dogo na hufunga haraka, na kitoto kina kinga ya maziwa ya kwanza ya mama yake. Katika miezi minne unakata kiungo chenye damu nyingi, kwenye mnyama anayehitaji watu watatu kumshika, kisha anarudi kulala kwenye tope. Sheria za Umoja wa Ulaya huruhusu kuhasi bila ganzi hadi siku ya 7 tu. Baada ya hapo lazima awepo daktari, ganzi na dawa ya maumivu ya muda mrefu. Ujerumani imekwenda mbali zaidi, kwani tangu mwanzoni mwa mwaka 2021 imekataza kabisa kuhasi bila ganzi, hata kwa kitoto cha siku tatu. Nasi Tanzania tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kitoto cha nguruwe wa Nguruka kinasikia maumivu yaleyale kama cha Ujerumani.

Kabla ya kushika wembe, mnyanyue kila kitoto kwa miguu ya nyuma na utazame korodani zake kwa mwanga wa kutosha. Korodani mbili zilizo sawa, ngumu kidogo, ni salama. Ukiona upande mmoja umevimba na kulegea, na uvimbe ukirudi ndani unapoubonyeza, hiyo ni ngiri, maana yake utumbo umeshuka kwenye mfuko wa korodani. Huyo usimguse, mwache kwa ajili ya daktari. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi, kijijini wilayani Sikonge, nilikuwa na haraka kwa sababu mvua ilikuwa inakuja, nikapasua bila kutazama, na utumbo wa kitoto ukanitokea mkononi. Mwenye nguruwe alinitazama tu bila kusema neno. Tangu siku hiyo sijawahi kupasua kabla ya kutazama.

Kuna dume wengine ambao korodani moja haikushuka. Ukiona moja tu, usitoe hiyo moja ukadhani umemaliza, kwa kuwa ile iliyobaki tumboni itaendelea kutengeneza androstenoni, na wewe utamuuza kama aliyehasiwa. Mtie alama na umchinje mapema.

Chagua asubuhi yenye ubaridi. Fagia banda na uweke majani makavu mapya. Mtenge mama mahali asipowaona watoto wala kukufikia, maana nguruwe aliyesikia kilio cha mtoto wake huvunja mlango. Nawa mikono kwa sabuni, tumia wembe mpya wa upasuaji ukiweza kuupata, na uuloweke kwenye dawa ya kuua vijidudu kati ya kitoto na kitoto. Mwombe bwana mifugo akuandikie dawa ya maumivu, itolewe dakika kadhaa kabla ya kukata. Ni gharama ndogo, na kitoto kilichoipata hurudi kunyonya mapema. Safisha ngozi kwa maji ya iodini. Msaidizi amshike kitoto kichwa chini, mgongo ukimgusa kifuani. Isukume korodani hadi ngozi ikazane, pasua kidogo upande wa chini ili majimaji yapate njia ya kutoka, itoe korodani, kisha uukate mshipa wake kwa kuukwangua kwa wembe polepole badala ya kuukata kwa mkato mmoja, kwa sababu mshipa uliokwanguliwa hujikunja na damu husimama. Usivute kwa nguvu. Kuvuta kwa nguvu ndiko kunakoweza kusababisha ngiri baadaye. Fanya vivyo hivyo upande wa pili, paka iodini, na uache jeraha wazi bila kushona.

Majivu yaache jikoni. Yanaonekana safi kwa sababu yametoka motoni, lakini yamekaa chini, yamekanyagwa na kuku, na yanabeba vijidudu vya udongoni, pamoja na vile vya pepopunda. Ninadhani vijidudu hivyo, au usaha uliobaki ndani baada ya jeraha kufunga juu, ndivyo vilivyomuua yule wako wa siku ya sita. Watazame vitoto kila siku kwa wiki moja; aliyevimba, anayejitenga au asiyenyonya aonwe na bwana mifugo siku hiyohiyo. Na kama siku hizo unawapa pia sindano ya madini ya chuma, ambayo kila kitoto kinachokulia juu ya sakafu ya saruji anaihitaji karibu na siku ya 3, waweza kuzifanya kazi hizo mbili pamoja ukawashika mara moja tu. Kinachokatazwa ni kuhasi siku ya kuachisha ziwa au siku ya kuwahamisha banda, kwa sababu kitoto hakistahimili mashaka mawili kwa pamoja.

Baada ya kuhasiwa atanenepa kwa mafuta haraka kuliko ndugu yake aliyeachwa, hasa akifikisha kilo hamsini. Hapo punguza mahindi kidogo na uongeze majani na protini, la sivyo utaondoa harufu ukaleta mafuta ya vidole vitatu ambayo mnunuzi atayakata na kuyarudisha.

SWALI: Nina jiko la nyama hapa Tabora mjini. Nitaitambuaje nyama yenye harufu kabla sijailipia? Na je, ndimu na tangawizi vinaiondoa? Mpishi wangu husema haisikii kabisa, mimi naisikia nikiwa bado mlangoni.

JIBU: Mpishi wako hasemi uongo. Kuna watu wasioisikia androstenoni kabisa, na jambo hilo ni la kuzaliwa, linatokana na tofauti katika kinasaba cha kinusio. Wengine huisikia kama jasho au mkojo mkali, na wanawake kwa wastani huisikia zaidi kuliko wanaume. Kwa hiyo kazi ya kupima nyama mpe anayeisikia.

Katika machinjio ya nchi kadhaa wapo wafanyakazi waliochaguliwa kwa pua zao. Wao huchoma mafuta ya shingo kwa chuma cha moto na kunusa moshi unaotoka, mzoga baada ya mzoga. Wewe unaweza kufanya vivyo hivyo machinjioni: omba kipande cha mafuta ya shingo, kiweke kwenye kikaango kikavu juu ya moto mkali na ufunike. Baada ya dakika moja funua na unuse mara moja. Pumzisha pua kabla ya kipande kingine, kwani pua huchoka. Muulize muuzaji pia umri wa dume na kama alihasiwa lini, kwa maana dume aliyehasiwa juzi bado ananuka.

Ndimu, tangawizi na kitunguu saumu huifunika, hasa nyama ikiliwa ikiwa imepoa au imesagwa na kuchanganywa na nyama nyingine, lakini haviiondoi, kwa kuwa harufu imo ndani ya mafuta yenyewe. Ukipata nyama ya namna hiyo na huna pa kuirudisha, ondoa mafuta yote unayoweza na upike nyama tupu. Ipikwe hadi iive kabisa mpaka mfupani, jambo unalopaswa kulifanya kwa kila nyama ya nguruwe kwa sababu ya minyoo ya tegu.

SWALI: Mimi ninafuga hapa Kigoma karibu na ziwa. Hata majike wangu hunuka wakipikwa, na hakuna dume ninayemchinja. Nao wanalala kwenye mavi wakati wa joto ingawa ninafagia asubuhi na jioni.

JIBU: Kwako kuna mambo mawili. Kama harufu ni shombo, tazama chakula: mabaki ya dagaa ni protini nzuri na ya bei nafuu huko kwenu, lakini mafuta ya samaki huingia moja kwa moja katika mafuta ya nguruwe. Yaondoe kwenye chakula mwezi mmoja au zaidi kabla ya kuchinja, badala yake utumie mashudu ya alizeti au ya soya.

Kama harufu ni ya kinyesi, hiyo ni skatoli, nayo huingia hata kwa njia ya ngozi na pumzi nguruwe anapolala juu ya mavi na mkojo wake. Nguruwe hana jasho la kumpoza. Katika Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, atajigaragaza kwenye chochote chenye unyevu, na asipopewa maji atachagua mavi. Kufagia mara mbili hakutoshi basi. Mpe dimbwi dogo la maji safi au mmwagie maji saa za mchana, paa la banda liezekwe nyasi juu ya bati, na sakafu iwe na mteremko wa kupitisha mkojo. Wiki ya mwisho kabla ya kuchinja mweke mahali pakavu kabisa. Skatoli hutoka mwilini kwa siku chache tu, kwa hiyo usafi wa wiki hiyo moja utauona kwenye sufuria.

SWALI: Dume wangu wa mbegu hapa Kibondo amezeeka. Nimchinje sasa au nimhasi kwanza?

JIBU: Mhasi kwanza, kwa mkono wa daktari na kwa ganzi, maana kwa dume wa umri huo mkato wa wembe nyumbani ni damu nyingi na huenda ni kifo. Kisha umtenge na majike, umlishe kwa miezi miwili au mitatu, ukaange kipande cha mafuta ya shingo siku ya kuchinja, na uamue hapo kama nyama ni ya kuuza au ya kusaga.